Tunauza maski, hatuuzi sura

"We dada, sisi hapa tunauza maski, hatuuzi sura."

Ndilo jibu nililopewa na mwenye duka la vipodozi, mbele ya wateja watano na kijana mmoja wa mzigo aliyecheka mpaka akatua boksi chini. Nimeshalikariri. Nalisikia nikipiga mswaki, nalisikia nikiwa nimebanwa mlangoni mwa daladala ya Segerea. Nimekaa niandike kuhusu maski za uso nilizojaribu nyumbani kuanzia lile joto la mwisho wa mwaka mpaka mvua zilipoanza, na nitaziandika zote, lakini nisipoitoa sentensi hiyo kwanza itanikaba.

Mimi ni wakala wa pesa, Tabata, kando ya barabara. Mwamvuli mmoja, meza moja, simu nne. Jua la asubuhi ni la shavu la kushoto, la jioni ni la kulia, na vumbi halina zamu. Usoni nina madoa ya chunusi za zamani, yale ambayo chunusi imekufa lakini kaburi limebaki. Nilitaka yapungue, basi. Weupe sitafuti, naomba hilo lieleweke, maana hapa mjini ukisema unapaka kitu usoni watu wanawaza mkorogo moja kwa moja. Mama ndiye pekee aliyewaza kingine. Nilipomwambia nimenunua maski aliniuliza kama corona imerudi.

Sasa hiyo maski. Nyeusi, ya kubandua. Iko kwenye tyubu, unaipaka kama lami, unaiacha ikauke, halafu unaivua kama soksi. Niliinunua Kariakoo, hatua chache tu kutoka mtaa wa Kongo, kwenye duka jembamba ambalo vipodozi vimepangwa mpaka darini. Mwenye duka ni mwanamke wa rika langu, labda amenizidi kidogo, kucha za bandia ndefu, mdomo mtamu kama halua. "Karibu mpenzi wangu. Mbona una ngozi nzuri hivyo? Imechoka tu." Nani hapo asingefungua pochi?

Nilimuuliza kama bidhaa imepimwa. Akajibu bila kupepesa, "Hii ina TFDA, kipenzi, usiwe na wasi." Hapo ndipo nilitakiwa kugeuka niondoke zangu. Jina la TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, lilizikwa mwaka 2019. Vipodozi vilihamishiwa TBS, shirika la viwango, na TFDA wenyewe wakabaki na dawa na vifaa tiba, wakaitwa TMDA. Nalijua hilo vizuri kwa sababu shangazi alikuwa na kiduka cha vipodozi wakati huo na makaratasi yalitusumbua wote nyumbani. Kwa hiyo nilijua kabisa kwamba naambiwa hadithi. Bado nikatoa elfu 8. Sijui niseme nini. Aliniita kipenzi.

Boksi lote lilikuwa Kichina, Kiswahili hakuna hata neno moja, na Kiingereza kilikuwa cha kubahatisha. Pembeni kuna picha ya mwanamke anajibandua huku anacheka. Anacheka! Ningependa kuonana naye.

Ilikuwa Jumamosi usiku. Nikanawa, nikajifunga kitambaa kichwani, nikapaka. Makosa yangu nayasema mwenyewe mapema ili asitokee mtu wa kunisomea. Nilipaka uso mzima, mpaka juu ya nyusi, na nilipaka nene, kwa hesabu kwamba elfu 8 ni lazima ionekane. Kumbe ikiwa nene haikauki, juu inakuwa kama mpira na chini bado uji. Nikakaa mbele ya feni. Baada ya nusu saa uso ukaanza kuvuta. Nilipotaka kumwita mdogo wangu aniletee kioo kikubwa, mdomo ukagoma kufunguka, ikatoka sauti kama ya mbuzi anayedai majani.

Nilianzia kidevuni. Kidevu kilitoka vizuri, nikajipongeza. Nikapanda shavuni. Shavuni ikatoa ule mlio wa gundi ya karatasi inapobanduliwa kwenye boksi, na machozi yakatangulia kabla sijajua nalia. Vile vinywele laini vya shavuni, ambavyo Waswahili tunaviita malaika, viliondoka vyote kwa pamoja. Malaika wangu wakaruka. Nikasema nisirudi nyuma, nikavuta upande wa nyusi kwa haraka, kama mtu anayetoa plasta. Nyusi ya kushoto ikakatika nusu. Sikuzidisha, ni nusu kamili. Ukiitazama ile ngozi nyeusi iliyobanduka unaziona nywele zimejipanga humo kama njiti za ufagio.

Upande wa kulia sikuthubutu. Nilikaa saa nzima na maji ya vuguvugu na mafuta ya nazi, naloweka, nafuta, naloweka. Kesho yake shavu la kushoto linang'aa kama limepigwa polishi. Jioni likaanza kutoa majimaji. Siku ya tatu nne hivi, baka jeusi, kubwa kuliko madoa yote niliyokuwa nayakimbia. Na kazini siwezi kukosa. Wateja wa wakala wana macho, wanaacha kuhesabu hela wanahesabu mabaka yako.

Mpangaji mwenzetu ni nesi, ndiye aliyenieleza. Kinachofanya ile kitu igande, alisema, ni polivinili alkoholi, jamii ya vitu vinavyowekwa kwenye gundi. Mkaa uliomo kazi yake kubwa ni rangi, ili ukibandua uone kama umefanya kazi. Inanata na uchafu, sawa, lakini inanata pia na nywele na lile tabaka la juu la ngozi, haina macho ya kuchagua. Na sisi ngozi yetu ikijeruhiwa haisahau, kila kidonda kinaacha kivuli, ukikitia na jua ndiyo kabisa. Akaniuliza kama niliijaribu kwanza nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko nikasubiri siku moja mbili. Nikamwambia mimi nilianza na uso mzima. Akanyamaza kidogo, ule unyamavu wa manesi.

Nikaamua kurudi dukani. Jamani, sikwenda kwa shari. Pesa yenyewe sikuwa na uhakika kama nitaidai. Nilitaka aione, aseme "pole", tuishie hapo. Nilipofika alikuwa anahudumia watu, nikasubiri zamu yangu, nikavua barakoa niliyovaa kujificha. "Dada, unanikumbuka? Hii maski imenifanya hivi."

Akatazama. Si kutazama kwa jicho la pole, ni kutazama kama mtu anayekagua embe lililopondeka. "Ulipaka vipi?" Nikaeleza. "Ulisoma maelekezo?" Nikamwambia maelekezo ni ya Kichina. "Sasa mimi ndiye niliyeandika?" Watu wakaanza kusikiliza. Nikasema nimeharibika uso, kuna kazi nakaa mbele ya watu. Ndipo akaitoa, taratibu, huku anarudisha chenji ya mteja mwingine, wala hakuniangalia: "We dada, sisi hapa tunauza maski, hatuuzi sura."

Tazama hapo. Nilipokwenda na hela nilikuwa mpenzi wangu na kipenzi. Niliporudi na malalamiko nikawa we dada. Hata "dada" peke yake ningeivumilia, ni ile "we" iliyotangulia.

Na hakuishia hapo. Kicheko kilipopungua akainama chini ya meza, akatoa kikopo kidogo cheupe kisicho na jina, kimejazwa krimu ya njano. "Chukua hii, siku 3 baka halipo. Elfu 10." Kikopo hakina jina, hakina tarehe, hakina chochote! Kila mtu hapa mjini anajua kilichomo kwenye vikopo vya namna hiyo. Haidrokwinoni, zebaki, dawa za steroidi, viambato ambavyo serikali ilishavipiga marufuku kwenye vipodozi na bado vinazunguka chini ya meza. Kwa hiyo ameniunguza kwa elfu 8, sasa ananiuzia dawa ya moto kwa elfu 10. Nilitoka pale natetemeka, nikapitiliza kituo changu.

Kwa hasira ile nikaapa sitaweka tena kitu cha dukani. Shavu lilipofunga nikarudi jikoni.

Ndimu sikuigusa, ndimu na mimi tulishaachana zamani. Nilipokuwa msichana nilisikia inaondoa madoa, nikajipaka na sukari, nikaenda zangu Coco Beach na wenzangu. Ndimu na jua havipatani kabisa, juisi yake ikipigwa na mwanga inaunguza. Nilirudi na michirizi myeusi shavuni, unaona kabisa tone lilipoteremkia. Ilikaa miezi. Mtu akikuambia ni asili haina madhara, mwambie hata upupu ni asili.

Basi nikachukua manjano, asali na mtindi. Kijiko cha mtindi, nusu ya asali, manjano kwa ncha ya kisu. Mimi bila shaka nilitia kijiko kizima. Ikawa tamu kupaka, baridi, haivuti, haichomi, nikaanza kujiona mjinga kwa elfu 8 yangu. Kisha nikanawa. Rangi haikutoka. Nikanawa na sabuni, haikutoka. Foronya ya mama ikawa na picha ya uso wangu. Jumatatu kibandani mzee mmoja mteja wangu wa siku zote aliniangalia macho, akanishika mkono kwa huruma, "Mwanangu, umepima ini?" Alidhani nina manjano ile nyingine. Mwingine akaniuliza harusi lini. Kwa hiyo siipendekezi. Ingawa, nikisema ukweli, ngozi ilitulia wiki ile. Labda ulikuwa mtindi. Labda mtindi peke yake na asali vingetosha, lakini asali kwa nyumba yetu ni kualika sisimizi, niliwakuta kwenye kitambaa changu cha kichwa wamefunga safari.

Maski za karatasi za Kikorea nilipewa zawadi, 3. Zile zimekatwa matundu ya macho na mdomo, zimeloweshwa majimaji. Nesi akasema ziwekwe kwenye friji. Nikaziweka, kumbe mama kaweka na samaki, changu, hapo hapo, na umeme ukakatika, luku ilikuwa imeisha na hakuna aliyekubali kwamba ni zamu yake. Kwa hiyo ya kwanza niliivaa ikiwa na harufu ya soko la samaki la Feri. Pia hazikukatwa kwa uso kama wangu, pua yangu ilikuwa inatafuta nafasi. Unalala chali kama maiti dakika 15, asubuhi uso umerudi vilevile. Maji ya bei, hayo. Lakini ile ya tatu niliivaa mchana wa joto, lile joto la Dar la kabla mvua hazijaanza, feni inapuliza moto, nami na kikaratasi cha baridi usoni. Nilikaribia kulia kwa raha. Sasa hilo nilipe alama ngapi? Ngozi sifuri, roho kumi.

Udongo wa Multani nitausema kwa kifupi kwa sababu haukunikosea. Unauzwa kwenye maduka ya Wahindi kule Kisutu, unauchanganya na maji au marashi ya waridi. Kitu cha kujua ni kimoja, usiuache ukauke mpaka upasuke kama shamba la kiangazi. Hapo unanyonya hadi maji ya ngozi yako. Unaunawa ukiwa bado na ubaridi. Pua yangu iliupenda, mashavu hayakuupenda. Basi.

Halafu kuna liwa, ule mti wa kunukia. Shangazi alikuja kutoka Tanga na kijiwe chake cha kusagia, ameifunga kwenye kanga kama dhahabu. Alimwagia marashi matone machache, akasugua kile kijiti cha liwa pale juu taratibu, mviringo, mviringo, mpaka ikatoka tope laini la rangi ya maziwa ya chai. Akanipaka kwa kidole cha kati. Nikauliza niiache dakika ngapi. Akashangaa. "Dakika za nini? Paka, kapike." Wenzetu wa pwani wanapaka liwa mchana wanaendelea na shughuli zao, hakuna kulala chali, hakuna feni. Shangazi ana miaka 60 na ushee na shavu lake ukilitazama unataka kulibonyeza. Nikasema basi, safari imeisha, liwa ndiyo jibu, na yule mwanamke wa Kariakoo na tyubu zake aende akapake ukuta.

Nikaenda nayo hivyo wiki kadhaa, natangaza liwa kwa kila anayetoa hela kwangu. Mpaka siku moja nikakaa nikajiuliza. Shangazi hajawahi kukaa kando ya barabara ya Tabata. Shangazi anatoka nje jua likiwa limeshainama, na akitoka ana ushungi na mwamvuli. Ni liwa, au ni ushungi? Baka langu lenyewe halikuanza kufifia nilipopaka liwa, lilianza kufifia nilipohamisha meza upande wa kivuli na nesi akanilazimisha kupaka losheni ya kuzuia jua kila asubuhi. Sikumwambia shangazi.

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi kuliko vyote.

Mdogo wangu ni dereva wa bodaboda. Aliikuta ile tyubu nyeusi bafuni, nusu imebaki, nilikuwa nimeiweka kama kielelezo, kana kwamba kuna mahakama. Hakuuliza. Akapaka puani tu, safu nyembamba, kama anayepaka siagi ya kukopa. Baada ya robo saa akaibandua, mara moja, bila hata kukunja uso. Akaja mbio sebuleni ameishika kwa vidole viwili. "Dada, njoo uone! Kama mbegu za ufuta!" Na kweli. Vidoti vyote vya puani vimesimama pale kwenye ile ngozi nyeusi, vumbi la barabara nzima ya Mandela. Mama naye akavaa miwani kuangalia. Pua yake ikawa laini mpaka leo. Sawa, si mpaka leo, vidoti vimeanza kurudi, nesi alishasema huwa vinarudi maana vingine ni mafuta ya kawaida ya ngozi. Lakini kwa siku kadhaa nilikula chakula mbele ya pua inayong'aa kwa elfu 8 yangu.

Kwa hiyo ni mbaya au nzuri? Nilikuwa nimeshaamua kuipa sifuri. Nikiwa mkweli, puani, nyembamba, kwa mtu mwenye ngozi ngumu, inafanya kilichosemwa. Ah, sijui. Ikifanya kilichosemwa kwa lugha ambayo mnunuzi hasomi, imefanya nini?

Tyubu ilipoisha akaenda kununua nyingine. Nilimpa elfu 10 aniletee na vocha, sikujua anapitia wapi. Akarudi anatabasamu. "Yule dada mbona mkarimu! Kaniita mume wangu, kanipunguzia elfu 2." Mume wangu! Nilimuuliza kama alitaja jina langu. Akasema alimwambia dada yake aliungua, yule mwanamke akauliza, "Yule wa nyusi nusu?" Kisha, kwa maelezo ya mdogo wangu, akanyamaza kidogo, akachukua kichupa cha jeli ya alovera rafuni, akampa. Bure. "Mpelekee, mwambie apake usiku."

Nilikigeuza kile kichupa pande zote. Kina tarehe. Kina nembo ya TBS. Kina hata maelezo ya Kiswahili, paka kiasi, epuka macho. Nikabaki nimekishika kama mtu aliyepewa mkono na adui.

Ila mdogo wangu namjua, nimemlea. Hapendi ugomvi ndani ya nyumba, anaweza kununua amani na kuiita zawadi. Usiku nikahesabu chenji. Maski elfu 6 baada ya kupunguziwa, vocha elfu moja. Ilitakiwa irudi elfu 3, na mkononi nina mia tano. Nikamuuliza, akasema mafuta yalipanda. Sasa sijui kama niliombwa radhi na yule mwanamke au na mdogo wangu, na siendi Kariakoo kuuliza.

Kichupa nilikiacha juu ya friji siku kadhaa. Jana usiku nimepaka tone moja nyuma ya sikio, la kulia. Mpaka sasa hakuwashi.